Paka wako mzee kagundulika na kansa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimetoka kwa daktari sasa hivi na kichwa hakifanyi kazi. Nianzie wapi?

Anza kwa kukaa chini, kweli kabisa. Kansa nyingi za paka si jambo la kuamua ndani ya saa moja, ukiacha zile hali za dharura kama anapumua mdomo wazi, ameanguka hawezi kuinuka, damu haikati, au hajakojoa tangu jana, hizo hazisubiri hata kupambazuke. Mengine yote yanaweza kungoja siku moja mbili upate kulala kwanza.

Mimi nilipoambiwa kuhusu Chausiku, paka wangu mweusi, wakati huo ana miaka 15, nilisikia neno limfoma, yaani kansa ya chembe nyeupe za damu, alafu sikusikia kitu tena, daktari aliongea muda mrefu na mi nilikuwa naangalia tu mdomo wake unavyotembea, nimefika nyumbani hata jina la dawa silikumbuki. Kwa hiyo kesho wapigie simu waulize upya bila aibu: ni kansa aina gani, iko wapi, imesambaa au bado, wana uhakika kiasi gani, na asipotibiwa itakuwaje. Andika majibu kwenye karatasi, usiamini kichwa chako wiki hii.

Alafu kuna kitu kimoja ukishike mapema maana ndo kitakuongoza kwenye mengine yote. Paka hajui kama ana kansa. Anajua tumbo linauma au haliumi, njaa ipo au haipo, jua bado liko pale kwenye zulia au limeshahama. Hofu ya mwezi ujao ni ya kwako peke yako, na kazi yako kubwa kuanzia leo ni kuangalia siku yake ya leo iko vipi.

Ni kosa langu? Ningegundua mapema si angepona?

Hili swali nimeulizwa kuliko yote na kila anayeuliza analia. Paka ni mnyama ambaye porini anawinda na pia anawindwa, na anayewindwa akionesha udhaifu ameliwa, kwa hiyo kuficha ugonjwa kumo kwenye damu yake. Unaona tu amepungua kidogo, unasema uzee. Chausiku alikuwa anaruka dirishani kwa mruko mmoja, alafu akaanza kupitia kwenye kiti kwanza, alafu kwenye kiti anasimama kidogo kama anawaza. Mi nikaona ni miguu ya kizee tu, na kliniki ya kwanza niliyompeleka nao wakasema ni uzee tu, tukarudi nyumbani. Miezi miwili baadaye alikuwa ametoka kilo 4.6 hadi 3.9. Kwa mtu gramu 700 si kitu, kwa paka huyo ni karibu sehemu moja ya sita ya mwili wake.

Nilijilaumu sana. Ila nilimjali kwa yale niliyokuwa nayajua siku ile, na wewe hivyo hivyo. Ukitaka kuutumia huo uchungu, mpime uzito kila wiki kuanzia sasa: panda mzani ukiwa umembeba, alafu panda mwenyewe, toa. Kama mzani wako haushiki gramu, tafuta wa kupimia watoto wachanga.

Daktari kasema "uvimbe" tu. Hiyo tayari ni kansa?

Hapana, si lazima. Uvimbe unaweza kuwa usaha, mafuta, au kitu kisicho na madhara. Jicho na mkono havitoshi, inabidi zichukuliwe seli kwa sindano nyembamba, au kikatwe kipande kidogo kipelekwe maabara, ndo bayopsi hiyo. Damu, mkojo, eksirei na ultrasaundi vinasaidia kujua figo na ini vikoje na kama kitu kimesambaa kwenye mapafu au tumboni.

Hapa kuna jambo watu wanalikosa. Kama daktari anashuku limfoma, uliza kuhusu sampuli kabla hujaanza kumpa dawa za steroidi kama prednisoloni, maana steroidi zinaweza kuzipunguza zile seli kiasi kwamba ukipima baadaye jibu linakuja la kuchanganya. Kama hali imebana na anahitaji dawa leo, sawa, ila iwe umeamua ukijua.

Kansa gani hasa zinawapata paka wazee, na zinatofautiana vipi?

Zinatofautiana mno, ndo maana neno kansa peke yake halitoshi kukukatisha tamaa wala kukupa matumaini.

Limfoma ndo inaongoza, hasa ya utumbo. Ipo ya seli ndogo na ya seli kubwa, na hapa ulizia kabisa ni ipi. Ya seli ndogo inakwenda polepole, inatibiwa nyumbani kwa vidonge, kawaida prednisoloni pamoja na klorambusili, na paka wengi wanaishi mwaka mmoja na nusu, miwili, wengine zaidi, na maisha yenyewe ya kueleweka. Ya seli kubwa ni kali, hata kwa kemo, yaani dawa za kuua seli za kansa, mara nyingi ni hesabu ya miezi. Chausiku alikuwa na ya seli ndogo na alikaa nasi miezi 19 baada ya ile siku.

Kansa ya mdomoni, inayoanzia kwenye ufizi au chini ya ulimi, ni mbaya, siwezi kukuficha. Inakula hadi mfupa, mara nyingi ikigundulika imeshachelewa, na wengi hubaki na miezi michache au chini ya hapo. Dalili zake ni udenda wenye damu, harufu, kudondosha chakula, kula upande mmoja. Uvimbe wa matiti kwa paka jike nao usiuchukulie poa, kati ya 80 na 90 katika kila 100 huwa ni kansa, kwa hiyo hata punje ndogo kama ya mchele ipeleke ikaangaliwe wiki hiyo hiyo. Paka weupe wanapata ya ngozi kwenye masikio na pua kwa sababu ya jua, hii ikiwahiwa upasuaji unasaidia sana. Ipo pia sarkoma, inayoota chini ya ngozi, nyingine pale palipowahi kupigwa sindano, ni nadra lakini ina mizizi mirefu na huwa inarudi.

Ana miaka 16. Kemo kwa umri huo si ni kumtesa?

Nilifikiri hivyo hivyo, nikiwa na picha ya binadamu amelazwa, nywele zimeisha, anatapika usiku kucha. Kemo ya paka haiko hivyo mara nyingi. Dozi inapangwa chini kwa makusudi kwa sababu lengo si kuifuta kansa kwa gharama yoyote, lengo ni siku nzuri. Manyoya huwa hayanyonyoki ovyo, ila sharubu zinaweza kudondoka. Nilikuta moja ya Chausiku kwenye mto wangu asubuhi moja, ndefu, nyeupe kwenye ncha, na nikaiweka ndani ya kitabu, mpaka leo ipo. Baadhi wanapata kichefuchefu, kuharisha, kukosa hamu ya kula siku mbili tatu, na damu inabidi ipimwe mara kwa mara kwa sababu chembe nyeupe zinaweza kushuka.

Umri wenyewe si ugonjwa. Cha kuangalia ni figo, moyo, tezi ya shingo, kisukari, na pia tabia yake. Kuna paka ukimtia kwenye kiboksi cha safari anajikojolea kwa woga na siku mbili nzima haongei na mtu, na huyo kumpeleka kliniki kila wiki ni mateso ya kweli hata kama dawa yenyewe haiumi. Mwingine analala njia nzima. Wewe ndo unamjua, hii usimwachie daktari peke yake aamue.

Kama unampa vidonge vya kemo nyumbani: vaa glovu, usivikate wala kuvisaga, mchanga wa choo chake ukiusafisha pia vaa glovu, na mjamzito asivishike kabisa.

Nikiamua nisimtibu, nakuwa nimemtelekeza?

Hapana. Kuacha kupambana na kansa si kuacha kumhudumia. Kuna njia nzima ya kumtunza ambayo dawa za maumivu, za kichefuchefu, za hamu ya kula na wakati mwingine prednisoloni peke yake zinampa wiki au miezi ya raha. Na pesa nayo ni sababu halali, usikubali mtu akufanye ujione muuaji kwa sababu huna uwezo wa kulipia matibabu ya mionzi. Mwambie daktari wazi mwanzoni kabisa, "kiasi nilichonacho ni hiki, ndani ya hiki tunaweza kumfanyia nini kizuri?" Daktari mwema hatakasirika, atakupangia.

Nitajuaje kama anaumwa maumivu wakati halii?

Kulia si dalili ya kutegemea, paka mwenye maumivu mara nyingi anakaa kimya. Na kule kunguruma kwa kifua tunakokupenda siyo raha siku zote, wengine wananguruma wakiwa na maumivu makali, kama kujibembeleza.

Angalia uso. Watafiti wa Université de Montréal mwaka 2019 walitoa kipimo cha kusoma maumivu kwenye sura ya paka na ni rahisi kukifuata: masikio yamekaaje, macho yamebanwa, pua na mdomo vimekaza, sharubu zimesimama na kunyooka, kichwa kimeshuka chini ya mabega. Kila kimoja unakipa 0, 1 au 2, na ikifika 4 kati ya 10 anahitaji dawa. Angalia akiwa macho na ametulia, siyo akiwa usingizini au anakula.

Alafu angalia mwili. Amekaa amejikunja kama mkate, tumbo halijagusa chini. Manyoya ya mgongoni yameshikana mafungu mafungu maana hajilambi tena. Anajificha chini ya kitanda ambako hakuwahi kwenda. Anakojoa pembeni ya sanduku kwa sababu kuinua mguu kuvuka ukingo kunauma, na huyo usimgombeze, mtafutie trei yenye ukingo mfupi. Chukua video fupi umwoneshe daktari kwa sababu paka akifika kliniki anajikaza.

Naweza kumpa Panadol kidogo tu?

USIMPE. Hata robo. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja parasetamoli, kidonge kimoja cha mtu mzima kinaweza kumuua, damu inashindwa kubeba hewa, ufizi unageuka rangi ya kahawia, uso unavimba. Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini nazo usithubutu. Kama ameshameza, usingoje uone dalili, mkimbize sasa hivi. Dawa za maumivu za paka zipo na zinafanya kazi: buprenofini inawekwa mdomoni kwenye shavu, gabapentini, na meloksikamu kwa dozi ndogo sana kama figo zinaruhusu. Zote daktari ndo anapanga.

Hataki kula. Nifanyeje?

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu vita vyenyewe viko kwenye bakuli.

Kwanza, paka si wa kusema "njaa ikimshika atakula". Akikaa siku mbili tatu bila kula, hasa kama alikuwa mnene, mafuta yanakimbilia kwenye ini na ini linaanza kufeli, na hiyo inaweza kumuua kabla ya kansa. Saa 24 hajagusa kitu, piga simu.

Pili, mara nyingi njaa ipo ila kichefuchefu kinamzuia. Utamwona anakwenda kwenye bakuli, ananusa, analamba midomo, anameza mate, anageuka anaondoka. Huyo anahitaji dawa ya kichefuchefu kwanza. Kuna pia dawa ya kuamsha hamu, mirtazapini, ipo hadi ya kupaka ndani ya sikio, ilitusaidia sana siku alizokuwa hataki kufungua mdomo.

Tatu, paka anakula kwa pua. Chakula kilichotoka kwenye friji hakina harufu, kipashe kiwe vuguvugu kama mwili wake, nyuzi 38 hivi, kijaribu kwa kidole. Sahani pana bapa ili sharubu zisiguse kuta. Kidogo kidogo mara sita kwa siku, ambacho hajala kiondoe baada ya nusu saa, usiache chakula kikamkalia mbele siku nzima kikimchefua. Chausiku siku mbaya alikuwa hagusi sahani kabisa lakini nikichovya kidole kwenye mchuzi wa chakula chake nikamsogezea, ule ulimi wake mkavu kama msasa ulikuwa unaanza taratibu, mara moja, mara ya pili, alafu anashika kidole kwa mkono kabisa asikikose. Nilikuwa nakaa sakafuni nusu saa hivyo. Ukitumia mchuzi hakikisha hauna kitunguu maji wala kitunguu saumu, ni sumu kwa paka.

Cha kuepuka ni kumshika kwa nguvu na kumsukumia chakula mdomoni. Atakihusisha chakula na vita na atakichukia. Kama inafika hapo, mwulize daktari kuhusu mrija wa kulishia. Unatisha kwa macho lakini paka wengi wanauvumilia vizuri kuliko kukabwa kila siku. Na kwa kipindi hiki zile sheria za chakula gani ni bora kwa mzee zilegeze, anachokubali kula ndo chakula bora, ila kama ana ugonjwa wa figo au kisukari ongea na daktari kwanza.

Anatema vidonge, ananikwaruza, tunagombana kila siku.

Uliza kama dawa hiyo inaweza kutengenezwa ya maji, yenye ladha, au ya kupaka sikioni, nyingi zinawezekana. Kidonge kikavu akikimeza mpe maji kidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, au chakula kidogo, kidonge kisije kikagandia kooni kikamchoma. Na usimpe dawa mahali anapolala. Mahali pake pa kulala pabaki salama, asije akaanza kukukwepa hata pale.

Inaambukiza? Nina paka wengine na mtoto mdogo.

Kansa yenyewe hapana. Ila kuna virusi vya leukemia ya paka ambavyo vinapita kwa mate toka paka hadi paka na vinaweza kuleta limfoma, kwa hiyo wapime, chanjo ipo. Binadamu havimpati.

Nimeambiwa kuna majani na mafuta yanayoponya.

Anayekuambia anakupenda, lakini mafuta mengi ya kunukia ni sumu kwa paka, hata ya kumpaka tu maana atajilamba, na mitishamba inaweza kupigana na dawa zake. Usimpe kitu ambacho daktari hajakisikia.

Watu wananiambia "ni paka tu, utapata mwingine".

Inauma, najua. Umeishi naye miaka 15, kakuona ukihama, ukifiwa, ukiachwa, anakuja kulala kifuani bila kukuuliza kitu. Kuna watu hawajamwona paka hata mara moja akiwangojea mlangoni, usipoteze nguvu kuwaelewesha. Tafuta mmoja tu anayeelewa, huyo mmoja anatosha. Na kulia kabla hajafa ni kawaida kabisa, msiba unaanza siku ya majibu. Ila kama hulali wala huli na unawaza kujidhuru, ongea na mtu wa afya leo, siyo wiki ijayo.

Nitajuaje wakati umefika?

Daktari wa kansa za wanyama wa Marekani, Alice Villalobos, alitengeneza kipimo chenye mambo saba: maumivu, kula, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na kama siku nzuri ni nyingi kuliko mbaya. Kila jambo unalipa alama 0 hadi 10, na jumla ikizidi 35 maana yake maisha yake bado yanavumilika. Maumivu yanahesabiwa pamoja na kupumua, na paka asiyeweza kupumua vizuri usikae kuhesabu mengine. Akiwa amelala anatakiwa kupumua chini ya mara 30 kwa dakika, hesabu kifua kinavyopanda.

Mimi nilitumia kalenda ya ukutani. Kabla Chausiku hajazidiwa nilikaa nikaandika vitu vitatu vilivyomfanya awe yeye: kukaa dirishani asubuhi, kujilamba baada ya kula, kuja nikimwita. Kila jioni alama ya siku nzuri au mbaya. Andika ukiwa na akili timamu, maana ukifika ukingoni moyo utakudanganya, akila vijiko viwili utasema amepona. Kwenye kalenda yangu wiki ya mwisho ilikuwa na alama mbaya tano na dirishani hakuwa amekwenda siku kumi na moja. Niliisoma mara nyingi sana usiku ule, nikapiga simu asubuhi kuomba sindano ya mwisho, ile ya kumlaza moja kwa moja.

Wengi niliozungumza nao baada ya hapo, wanachojutia ni wiki ile waliyoongeza kwa ajili yao wenyewe. Siku moja mapema, akiwa bado anaweza kuota jua, siyo kumkatia maisha. Usingoje usiku wa manane wa kukimbizana naye anahema.

Hiyo sindano ya mwisho inakuwaje? Naogopa kuwepo.

Kwa kawaida anapewa kwanza ya kumlaza, dakika chache amelala fofofo, hajui kinachoendelea. Alafu ya pili, ni dawa ya usingizi kwa dozi kubwa, pentobabitali, moyo unasimama ndani ya dakika moja mbili. Macho yanabaki wazi, mkojo unaweza kutoka, na kuna wakati mwili unavuta pumzi kubwa au misuli inatetemeka baada ya kufa. Hasikii tena hapo, nakuambia mapema usije ukashtuka. Uliza kama daktari anaweza kuja nyumbani. Kama huwezi kubaki hadi mwisho, baki hadi alale, inatosha, sauti ya mwisho aliyoisikia ni yako. Malipo na karatasi maliza kabla.

Ukimzika, chimba kina cha kutosha kwa sababu ile dawa inabaki mwilini na mnyama akimfukua akamla anaweza kufa.

Watoto niwaambieje? Na paka mwenzake?

Watoto waambie amekufa. Usiseme "amelazwa" au "amesafiri", mtoto ataogopa kulala au atangoja mlangoni. Paka mwenzake, kama inawezekana, mwache anuse mwili. Wengine wanaita na kuzunguka nyumba siku kadhaa, mshikilie ratiba yake ya kula na uangalie naye asisuse chakula.

Nimemaliza wiki mbili na bado namsikia usiku.

Nilimsikia miezi. Kucha zake kwenye sakafu, tk tk tk, nikawa naacha mlango wazi. Bakuli lake usiliondoe kwa sababu mtu kasema uliondoe, liondoe siku mkono wako ukikubali.

Dawa zilizobaki nizifanyeje?

Zirudishe kliniki, hasa za kemo, usizitupe chooni wala usimpe paka mwingine. Makopo ya chakula ambayo hayajafunguliwa wape wenye paka anayeuguzwa. Mi yangu nilimpelekea jirani mwenye paka anayeumwa figo, na kiboksi cha safari nikakiosha nikakiweka juu ya kabati kikiwa na kile kitambaa chake ndani.